Saa ya Mama Yenye Umbo la Kobe

Dada Bhoke, shikamoo. Huku Susuni kwa Baba mvua hainyeshi, inamwagwa.

Ile saa ya Mama ya shingoni, yenye umbo la kobe, niliipeleka kwa fundi Sirari. Alifunua gamba, akachungulia, akatikisa kichwa. "Waliounda hizi walikufa na ufundi wao. Springi imechoka. Ukiitia ufunguo itatembea mara moja tu, kisha itakatika."

Nikamrudishia Baba. Nilidhani ataitia ufunguo pale pale, maana ameulilia mlio wa saa hiyo tangu tumzike Mama. Akaivaa tu, juu ya koti.

"Hiyo mara moja ni ya Bhoke. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa, hakumuaga mama yake."

Kila asubuhi mkono wake unamfuata kobe, kisha anaushusha. Pona, dada, uje.

Mdogo wako, Marwa