Kanga Yako Imefika kwa Miguu

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila salamu.

Jumatatu asubuhi tuliondoka Kilosa, watu kumi na saba wa kikundi chenu cha hija, kwenda kwa miguu kanisani Mamboya. Nilibeba kanga yako ya bluu, ile uliyonipa mwaka jana ulipokuwa huwezi tena kutembea. Utaratibu ulinifundisha wewe: asiyeweza safari hutoa kanga, mwingine huibeba kwa miguu hadi kwenye ngazi za kanisa, na akirudi, mwenye kanga humwosha miguu.

Mwaka jana sikutembea. Nilifika Rudewa na wenzangu, nikasema nina habari ya kuwahi, nikapanda bodaboda hadi Mamboya. Nikaweka kanga kwenye ngazi, nikaichukua, nikarudi kwako Mikumi. Ulinikalisha kwenye kigoda. Ukashuka sakafuni kwa shida, ukamimina maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukapitisha vidole kwenye nyayo zangu zote mbili. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Ukasema, "Pole na safari, baba." Nikajibu, "Nimeshapoa." Wiki tatu baadaye tukakuzika.

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Lile moja sikukuuliza.

Safari hii nimetembea yote. Siku ya kwanza niliomba njia nzima. Ya pili maombi yaliisha, nikabaki nahesabu nguzo za umeme. Ya tatu damu ilipenya kwenye soksi, nikafurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi. Nikiupanda mlima wa Mamboya nilikuwa nakuita kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi. Naandika nilichosikia: upepo, na viatu vya wenzangu.

Mama Yusta, mwenzako wa kwaya, alikuwa nyuma yangu. Tulipopita Rudewa alinitania, "Mwandishi, leo boda zimegoma?" Nikajua hawakusahau. Kwenye ngazi nikamwuliza kama na wewe ulijua. Akaketi kwanza. Akasema alipokuja kukuona ulimwambia, "Miguu yake laini kama ya mtoto mchanga. Usimwambie najua, ataona aibu kuja kunitazama."

Mama, ulibakiwa na wiki tatu, ukazitumia kunisitiri.

Nimerudi nyumbani kwako Mikumi jana. Kigoda kipo, beseni lipo. Mke wangu alichemsha maji, nikamwambia aache, kanga si yake. Mpaka sasa vumbi la Mamboya liko kwenye vidonda, na ninapoandika vinapwita. Nimekaa nasubiri, sijui nasubiri nini.

Mama Yusta anasema goti lake limekwisha. Amenikabidhi kanga yake ya mwakani. Nitaibeba kwa miguu yangu, hatua zote, na akiniosha atakuta malengelenge.

Kwako nimechelewa. Lala, Mama. Miguu ninaiosha mwenyewe.

Mwanao