Nilimjibia Binti Yangu

Mpendwa Dada Nuala, nisaidie mwenzio, mdomo wangu umeniponza. Binti yangu, nitamwita Gráinne, ana miaka kumi na tisa, na vidonge vikali vya maumivu vilimteka akiwa bado shuleni, tukampeleka kutibiwa Dublin na majirani tukawaambia yuko kwa shangazi yake anasoma, akarudi mzima, miezi kumi na minne hajagusa kitu, hata akarudi uwanjani kucheza magongo, na Februari akavunjika kifundo cha mguu. Hospitalini daktari akauliza, "Kuna lolote tunalopaswa kujua kuhusu dawa?" na nesi aliyekuwa anamfunga mguu ni Attracta, tunaimba naye kwaya, na huyo umwambie jambo asubuhi, mchana padri analo, basi Gráinne akafungua mdomo na mimi nikamuwahi, "Hana neno, daktari," na mwanangu akaniangalia, kisha akageukia ukutani.

Mguu ukatiwa vyuma, tukapewa kopo zima la vidonge vikali vya maumivu. Nikavificha sebuleni nyuma ya sanamu ya Mtoto Yesu wa Praha, nikijiambia pale hatathubutu kupeleka mkono, nikasahau ni mimi niliyemfundisha tangu mdogo kwamba funguo, barua, kila kitu cha maana humu ndani hukaa nyuma ya Mtoto. Siku ya sita nilimkuta jikoni kalala kifudifudi mezani, midomo imegeuka buluu, nikaita ambulensi. Alipozinduka akaniambia, "Mama, mimi nilitaka kumwambia yule daktari. Mbona hukuniacha?"

Sasa ameanza upya, kila asubuhi anakunywa dawa ya kliniki ya kuzuia kiu ya vidonge, na tarehe tisa anarudi kutolewa vyuma mguuni. Baba yake anasema, "Yamepita hayo, tusifukue makaburi." Mimi nawaza kuomba asipewe dawa yoyote ya maumivu, na ile ya kliniki aiache wiki nzima kabla, mwili uwe safi. Je, nitakuwa nimefanya vyema?

Mama Mwenye Majuto, Roscommon

Pole, mama. Pole sana, maana kumkuta mwanao vile si jambo la kumwombea hata adui. Lakini nitakugombeza. Ulimwogopa Attracta kuliko ulivyoogopa kumzika mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kilifika hadi jikoni kwako.

Na sasa unataka kulipia kosa lako kwa mguu wa mtoto! Hapana. Maumivu yasiyotibiwa nayo humrudisha mtu kwenye vidonge. Na dawa ya kliniki haiachwi kwa amri ya mama. Wanaomtibu ndio watakaosema. Kesho kaa na Gráinne, na akikubali, pigeni simu kliniki, waongee na daktari wa upasuaji na wa usingizi kabla ya tarehe tisa. Wapange watamtulizaje maumivu. Zipo njia zisizo za jamii ya vile vidonge. Ikibidi apewe vikali, viwe vya siku chache, kwenye kisanduku chenye kufuli, na mtu mmoja tu ndiye ampe kwa saa zilizoandikwa. Vikibaki virudishe kwa mfamasia, usiviweke "labda siku moja". Ulizia pia dawa ya puani ya kumzindua aliyezidisha, mfundishwe wote, hata huyo baba wa makaburi. Akisinzia akawa haamki, au pumzi ikapungua, ita ambulensi kwanza, kulia baadaye.

Attracta ana kiapo cha kazi, na akikivunja kuna pa kumshtaki. Na mji ukijua je? Watasema wiki mbili, halafu watampata mwingine wa kumsema. Sanamu nayo iachie kazi yake, watu wasali mbele yake.

Tarehe tisa daktari atauliza tena swali lile lile. Mshike mwanao mkono, funga mdomo, na umuache ajibu mwenyewe.

Nuala