Bahari Inameza au Inatema?

Voi, Jumapili, Agosti 1979

Nimesoma kurasa zile zile mara tatu na bado sielewi. Jarida nimeliazima kwa mwenzangu anayefundisha kemia. Linasema bahari humeza hewa ya kaboni, ile inayozuia joto lisitoke duniani. Ukurasa unaofuata unasema bahari ikipata joto huitema. Sasa tushike lipi?

Eti tope la chini ya bahari lina maganda ya viumbe vidogo, na maganda hayo huonyesha dunia ilipokuwa baridi na ilipokuwa na joto. Hilo nimelikubali. Lakini hewa hiyo ndiyo iliyoleta joto, ama joto ndilo lililoleta hewa?

Baba amekuja leo kutoka Njukini. Mahindi yamekauka tena. Aliponikuta nikisoma akauliza, "Mwanangu, hicho kitabu kinasema mvua itarudi, ama niuze shamba?"

Shamba hilo ndilo lililonisomesha. Niliona aibu. "Sijui, baba. Hata haya ninayosoma siyaelewi."

Nilidhani atakasirika. Akavua kofia, akaketi karibu nami. "Basi nisomee. Tuchanganyikiwe pamoja."

Tumesoma mpaka chai ikapoa. Sasa amesinzia kwenye kiti, jarida kifuani, na suala la shamba bado hatujaliamua.