Siku ya Kwanza ya Skana Getini

Jumatatu, Runyenjes. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mvua ni ile ya Julai isiyonyesha vizuri wala kuacha. Soksi zangu ziko kando ya jiko zinatoa moshi kuliko kuni. Nimekasirika, na leo sina nguvu ya kujifanya sijakasirika.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: naitwa Wanja, mimi ni karani wa shule ya msingi ya kutwa huku kwetu. Watoto wetu huja kwa miguu au kwa bodaboda. Nilisomea kompyuta kule Embu mjini, cheti ninacho, na kwa sababu ya hicho cheti kila kitu chenye waya hapa shuleni ni changu. Printa ikikwama, mwite Wanja. Kengele ya umeme ikinyamaza, mwite Wanja.

Kwa hivyo skana ilipokuja, haikuuliza njia. Ilikuja moja kwa moja mezani kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mtoto amepewa kadi ya plastiki ya kuvaa shingoni, na ndani ya kadi kuna kidude chembamba kinachobeba namba yake. Getini tumefunga vibao viwili vyeupe, kimoja kila upande, vinavyotoa mawimbi ya redio. Mtoto akipita katikati, kadi yake inajibu, skana inalia, na jina lake linaingia kwenye kompyuta ya ofisini. Hakuna kugusa kitu. Ikifika saa ya masomo kuanza, kompyuta yenyewe inamtumia meseji mzazi wa kila mtoto ambaye hakusomwa: mtoto wako hajafika shuleni.

Wazazi wenyewe ndio waliotaka. Sitawalaumu. Kwenye makundi ya WhatsApp haiishi wiki bila picha ya mtoto aliyepotea mahali, na mzazi anayeshinda kwenye majani chai hajui kama wake alifika mpaka jioni amwone akirudi.

Jumamosi tuliijaribu. Kelvin, fundi kijana kutoka Embu, alishika kadi nyingi za majaribio mkononi kama mtu anayecheza karata, akapita getini, akarudi, akapita tena. Kila kadi ililia. Mwalimu Mkuu, Bwana Njiru, alipiga makofi. Uwanja ulikuwa mtupu na jua lilikuwa limetoka kidogo. Kelvin akakunja waya zake, akaniambia, "Madam, hii sasa ni yako. Ikisumbua nipigie."

Imesumbua.

Leo watoto walikuja kwa mkupuo, wanakimbia mvua, kadi zikiwa ndani ya sweta, ndani ya makoti ya plastiki, nyingine chini ya mifuko ya vitabu iliyobebwa kifuani. Walipita kama maji ya mtaro, na skana ikalia hapa na pale kama kuku mwenye homa. Nikampigia Kelvin. Akasema zima, ngoja kidogo, washa. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Sasa ikaanza kuwasoma watoto waliokuwa nje kabisa, wamejikinga mvua chini ya paa la kioski, na kuwaacha wale waliokuwa wakipita mbele ya macho yangu. Kwa hesabu ya kompyuta, mvulana mmoja wa gredi ya pili ameingia shuleni mara tano na hajatoka hata mara moja.

Nilipompigia tena, ndipo akaniambia kwa sauti ya mtu anayekunywa chai yake pole pole, "Lakini hapo kuna chuma mingi, madam. Geti ya chuma inarusha mawimbi ovyo. Na hizo kadi hazitaki kubanwa na mwili, mwili ni maji, unameza mawimbi."

Alikuwa anajua. Jumamosi alikuwa anajua.

Na mimi, nikiwa pale getini nimeloa, simu sikioni, nikimtafutia Kelvin jibu ambalo lingemwuma, nikasahau kitu kimoja. Sikuwa nimezima zile meseji. Saa ilifika, na kompyuta ikafanya kazi yake bila kuuliza mtu. Karibu nusu ya wazazi wa shule nzima waliambiwa kwamba watoto wao hawajafika.

Sijawahi kusikia simu ya ofisi ikilia vile. Baba mmoja alikuja na bodaboda, gambuti zimejaa tope la shamba, hakushuka hata, alipita na pikipiki mpaka mlango wa darasa. Mama mmoja alifika akiwa na unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Alimwona mtoto wake kupitia dirishani, akageuka, akaketi kwenye ngazi za ofisi, akalia kimya kimya. Bwana Njiru alikuwa amesimama mlangoni akiwapoza kwa Kiembu, na kila akipata nafasi ananitazama mimi.

Simu za kwanza nilizipokea vizuri. Nilikuwa nauliza jina, nauliza gredi, nakimbia kuangalia, narudi kujibu. Halafu zikawa nyingi. Ikafika mahali sikimbii tena. Nilikuwa na sentensi moja tayari mdomoni, na kila aliyepiga alipata hiyo hiyo.

"Usijali, ni mashine tu. Mtoto yuko darasani."

Mama Wawira alipiga kati ya hao. Binti yake yuko gredi ya nne, na yeye ni mchumaji wa majani chai. Nilisikia upepo, na wenzake wakiongea nyuma. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Madam, nimeona meseji hapa. Wawira ameingia?"

"Ameingia, mama. Ni mashine tu."

"Haya, asante. Wacha niendelee basi."

Sikuangalia. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Iache ikae hapo.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa Wawira, Mwalimu Karimi, aliingia ofisini kuchukua chai. Akaniuliza akiwa anamimina, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Wawira wangu ni mgonjwa? Leo sijamwona."

Nilivuta kompyuta. Jina lake lilikuwa na rangi nyekundu, liko kati ya majina mengine mengi mekundu ya watoto ambao wakati huo nilikuwa nasikia kelele zao uwanjani. Asubuhi nzima mashine hii ilikuwa imesema uongo. Kwa Wawira ilikuwa imesema kweli, na mimi nikaikanusha.

Nilimpigia mamake. Sikujua nianze wapi, kwa hivyo nilianza pale pabaya. Nikamwambia nimekosea, Wawira hayuko shuleni. Hakupiga kelele. Akasema, "Lakini alitoka. Nilimfunga vifungo vya sweta mimi mwenyewe." Simu ikakatika.

Bwana Njiru alichukua gari lake akashika barabara ya juu, huenda mtoto alipanda bodaboda. Mimi na Mwalimu Karimi tulishika njia ya miguu anayotumia Wawira, ile inayoteremka katikati ya kahawa mpaka kijito, kisha inapanda upande wa pili. Ilikuwa tope tupu. Nilianguka, nikainuka, sikujipangusa. Karimi alikuwa akiita jina lake kila baada ya hatua chache. Mimi sikuweza kuita. Niliogopa nikiita kusiwe na jibu.

Sitaandika nilichokuwa nawaza. Kila mtu mwenye WhatsApp anajua.

Tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa kwenye mteremko karibu na daraja la mbao, mfuko wa vitabu kichwani kwa sababu ya mvua, ameinama, anatenganisha nyasi za nepia kwa mikono, shina moja baada ya jingine. Hakuwa amepotea wala hakuna mtu aliyemchukua. Alikuwa anatafuta kitu, na kwa jinsi nyasi zilivyolala nyuma yake, alikuwa amekitafuta tangu asubuhi.

Karimi alimwita. Aligeuka, akamwona mwalimu wake, halafu akaniona mimi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Bado naitafuta, madam," akasema. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, maneno yalitoka yamekatika. "Ilianguka nikiruka hapa. Nikiipata nitakuja."

Kadi.

Ijumaa, kwenye paredi, Bwana Njiru alinipa kipaza sauti niwaeleze watoto habari ya kadi. Nilieleza vizuri, na nilikuwa nimeipenda sauti yangu ilivyokuwa ikirudi kutoka kwenye ukuta wa madarasa. Mwisho nikawaambia: asiye na kadi Jumatatu asikanyage geti hili. Nilikuwa nataka tu wasizisahau nyumbani. Watoto wakubwa walicheka. Huyu mmoja wa gredi ya nne alisikia kila neno, na leo akatii.

Nepia ina makali pembeni kama msumeno. Viganja vyake na vidole vilikuwa vimechanjwachanjwa, mistari myembamba myekundu imeoshwa na mvua. Nilivua koti langu nikamvisha. Alikubali kuvikwa, lakini macho bado yalikuwa kwenye nyasi.

Mamake tulikutana naye tukipanda. Alikuwa anateremka mbio, na ile aproni ya plastiki ya kuchumia chai bado imefungwa kiunoni, inapiga miguu. Alimshika Wawira, akamgeuza, akamtazama uso, akamtazama mikono. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, mtoto wa miaka kumi. Halafu akaniambia, taratibu kabisa:

"Madam, ile meseji mimi niliiamini. Nilikuwa nimeshaweka kikapu chini nije. Ni wewe ulinirudisha."

Nilisema pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba sijui kama alilisikia.

Mchana Bwana Njiru aliniita ofisini kwake. Alikuwa amechoka na tope lilikuwa limemfika magotini. Alisema tuwaandikie wazazi kwamba kulikuwa na hitilafu ya mitambo, tunaomba radhi, fundi anashughulikia. Nikamwambia kwa Wawira mitambo haikuwa na hitilafu. Mzazi alipiga simu na mimi ndiye niliyemdanganya.

"Wanja, mtoto amepatikana," akasema. "Hiyo ingine si lazima kila mtu aijue."

Nakiri hapa, maana hapa ndipo ninapokiri mambo: kwa muda kidogo nilitamani kukubali. Ingekuwa rahisi sana. Kelvin angelaumiwa, na Kelvin anastahili kulaumiwa. Asubuhi nzima hasira yangu ilikuwa ya Kelvin, na ni hasira tamu, haikuniuma popote.

Nilirudi mezani nikaandika tangazo. Niliandika kwamba skana ilikosea kwa watoto wengi, na kwamba kwa mtoto mmoja ilikuwa sawa na karani ndiye aliyekosea kwa kutohakikisha. Jina la mtoto sikuliweka. Langu nililiweka. Nilimpelekea Bwana Njiru asome kabla sijatuma. Alisoma mara mbili, akanirudishia karatasi, akaenda kuchukua koti lake. Nikatuma.

Kuna mambo mengine tumekubaliana, na mengine bado. Meseji hazitatoka tena zenyewe. Mwalimu ataita majina darasani kwanza, na kama mtoto hayupo, mtu mzima atapiga simu kwa mdomo wake. Nimeomba vile vibao viondolewe kwenye geti la chuma vifungwe kwenye nguzo za mbao, hatua chache ndani, ambapo watoto watapita mmoja mmoja. Bwana Njiru anasema nguzo zingoje. Kelvin anasema atakuja Alhamisi akipata nafasi. Na skana bado iko pale pale, inamsoma kila mtoto anayenunua mandazi kwenye kioski.

Baada ya kazi nilipitia kwao na mkate na maziwa. Sikuwa na uhakika kama mlango utafunguliwa. Mama Wawira aliufungua, akapokea maziwa, akanisogezea kiti karibu na moto. Wawira alikuwa ameketi upande wa pili, amejifunika blanketi, viganja vimepakwa mafuta vinang'aa. Ndiye aliyeuliza kwanza.

"Madam, kesho naweza kuja?"

"Uje," nikasema.

"Na mashine ikinikataa?"

Mamake alikuwa ameinama anapuliza moto. Aliacha kupuliza, lakini hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja kusikia nitasema nini safari hii.

Nilimwambia Wawira ukweli: inaweza kunyamaza, hata kwa wenye kadi inanyamaza, na haina ruhusa ya kumkataa mtoto yeyote. Sikujua kama ameniamini. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, jinsi watoto wanavyomwitikia mtu mkubwa.

Kwa hivyo kesho nitafika getini kabla ya watoto wote. Nitamngoja, nitamshika mkono, ule usioumia sana, na tutapita pale katikati mimi na yeye, skana ilie isilie.