Tundu la Pili Nyuma ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Kuku wamelishwa. Mayai sita. Baridi ya huku Kabiria inauma magoti. Nimepangusa kompyuta na kurudisha kitambaa chake juu. Wairimu, kitinda mimba wangu, ndiye aliileta nyumbani. Kuipangusa ni kazi yangu.

Binti yangu Njeri amepiga simu kutoka Kanada. Msichana wake wa pili ametimiza wiki tatu. Wa kwanza alichukua jina la mama mkwe wake, ndivyo inavyotakiwa. Huyu amechukua jina langu. Wangui! Jumamosi saa kumi atanionyesha uso wake kwenye kompyuta. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Nimevuka ua kumwambia jirani yangu Nyokabi. Yeye hakucheka. Jumatatu ijayo anakatwa mguu, sukari imeuharibu. Akasema, "Mama Njeri, Njeri nilimpokea kwa mikono hii, mvua ikimwagika na gari halijafika. Nikifia kwa ile meza ya daktari kabla sijaona mtoto wake, nitarudi nikusumbue."

Nikamwambia tutambeba mpaka kwangu.

"Mimi si gunia la viazi."

Mjinga. Nampenda.

Jumanne, 4 Agosti

Nimemwamsha Wairimu mapema kabla hajaenda kazini. Nimemwambia kwamba Nyokabi lazima aone mtoto akiwa kwake mwenyewe. Kompyuta ipo pale, ya Kimani mwanawe, lakini haina mtandao. Wanaangalia picha za harusi tu.

Wairimu akafikiria akiwa na mswaki mdomoni. Mtandao wetu unatoka kwa antena juu ya paa, unashuka na waya mmoja, unaingia tundu moja nyuma ya kompyuta. Basi. "Mum, tunaweka tundu lingine. Waya wa paa unaingia hapa, wa pili unatoka hapa unaenda kwa kina Kimani. Mashine yako inapitisha tu. Lakini lazima ikae imewashwa."

Nikauliza, kwani inapita ndani kama maji kwa mfereji?

"Karibu hivyo."

Kumbe ni rahisi! Kwa nini watu hujifanya ni kitu kigumu?

Jumatano, 5 Agosti

Mjini, kununua kadi yenye tundu. Duka la kompyuta ghorofa ya tatu, ngazi zimenimaliza. Muuzaji, kijana wa kuniita bibi, ananiuliza, "Shosho, ni ya kuchezea game?" Nikamwambia ni ya tundu la pili la mtandao, na akiniuzia mbovu nitarudi nikae pale mlangoni na kikapu changu cha kiondo mpaka wateja wamuulize amenifanyia nini. Akaijaribu mbele yangu. Mara mbili.

Ni kadi ndogo, haijazi hata kiganja. Nimeileta nyumbani kifuani.

Alhamisi, 6 Agosti

Kimani amepitisha waya chini ya ua wa kayaba, ndani ya paipu ya maji ili panya wasiule. Miiba imemchana mikono, hakulalamika. Wairimu amefungua kompyuta na kuingiza kadi. Matundu ni mawili sasa. Nimeyaangalia kama mtu anayeangalia mapacha.

Ijumaa, 7 Agosti

IMEFIKA! Mumbi, mke wa Kimani, amepiga kelele ng'ambo ya ua: "Shosho, imeingia!" Nyokabi akagonga beseni na fimbo yake. Nimeruka. Magoti yamenilipiza.

Kuna jambo moja. Wairimu anasema laini ni nyembamba. Nyumba mbili zikiita picha pamoja, zote zinaganda. Itabidi tufuatane kwa zamu. Nani kwanza? Nimesema mimi, bila aibu. Jina ni langu.

Jumamosi, 8 Agosti

Siku hii niiandike yote.

Wageni wakija, nyumba inapanguswa. Sasa mgeni ni Wangui, na anakuja kwa kompyuta. Nikaona vumbi nyuma ya mashine. Nitamwonyesha mtoto vumbi? Nikazima. Kabla ya kuchomoa waya nikafunga nyuzi ninazosukia kiondo: nyekundu kwa waya wa paa, buluu kwa waya wa Nyokabi. Ndivyo nilivyokuwa nikitia alama kamba za mbuzi wangu na wa jirani. Nikajiona mwerevu sana.

Nikapangusa. Nikachomeka. Taa ndogo za matundu yote mawili zikawaka. Vizuri. Nikavaa gauni la kanisani.

Saa tisa, hakuna mtandao. Kwangu hakuna, kwa Nyokabi hakuna. Nikampigia Wairimu kule kazini Adams Arcade. Simu imezimwa. Mumbi akaita uani kumhusu Nyokabi: "Shosho, cucu ameshavaa kitambaa chake cha Jumapili tangu mchana, anauliza saa." Nilitaka kulia, nikakosa nafasi.

Nikapiga magoti nyuma ya meza. Nikaangalia. Nyekundu. Buluu. Taa zinacheza kama zinanicheka. Halafu nikaona ujinga wangu. Nimetia alama kamba, sikutia alama vigingi! Waya ninaujua ni wa nani, lakini tundu lake ni lipi?

Nikajiambia: matundu ni mawili tu, mama. Yabadilishe.

Nikabadilisha. Nikazima, nikawasha, nikaomba Mungu kwa Kikuyu, ndicho ananisikia vizuri. Mtandao ukarudi! Nikafunga uzi mwekundu hapo hapo kwa skrubu ya tundu la paa.

Saa kumi kasoro kidogo. Nikakaa kwa kiti changu, nikaweka mikono magotini. Halafu taa ya sebule ikapepesa. Huku stima hupotea ikitaka. Nikawaza: ikipotea baada ya zamu yangu, mimi nimemwona. Yeye je? Mimi nina Jumamosi ingine.

Nikainuka. Nikaacha kompyuta ikiwa imewashwa, nyumba tupu, nikavuka ua na gauni la kanisani. Miiba imelipasua.

Tukampigia Njeri kutoka kwa Nyokabi. Tumebanana kitandani kwake mbele ya kioo cha kompyuta. Halafu uso. Mdogo, mwekundu, umekunjamana, hasira tele.

"Wangui," Nyokabi akasema, "kumbe ulizaliwa na sura mbaya tangu mwanzo!"

Nikampiga begani. Njeri akacheka mpaka akalia. Anamwita mtoto "mama". Mama yake ni mimi. Sikujua moyo unaweza kuenea hivyo.

Nyokabi akatema mate ya baraka kifuani pake, kama walivyofanya mama zetu. Mengine yakaruka kwa kioo. Nimeyapangusa na leso yangu, polepole, nisimguse mtoto macho.

Stima haikupotea.

Jumatatu, 10 Agosti

Kuku wamelishwa. Mayai manne.

Kimani na Mumbi wamempeleka Nyokabi hospitali asubuhi. Alinipungia fimbo dirishani mwa gari. Kule kwake wamezima kila kitu. Nyuma ya kompyuta, taa ya tundu la waya wa buluu haiwaki. Nimeketi karibu nayo nikisuka kiondo. Sikuwasha redio.

Mumbi alisema atakayetangulia kurudi atawasha mashine kabla hata ya kuvua koti, taa hii iwake nijue kuna mtu na kuna habari.

Saa kumi na moja. Taa imewaka.

Natafuta viatu.