Maneno Yangu, Nyundo ya Baba

3 Machi

Baba shikamoo,

Hujambo huko mjengoni? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi wazima, ila mimi hasira zimenipanda mpaka chakula hakipiti. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako bado imezikwa kwenye zege.

Baba, tumeibiwa! Ule wimbo niliotunga mimi, ukauimba wewe huku ukigonga nondo, nikakurekodi pale karakana na kuuweka mtandaoni, sasa anauimba Bwana Miwani! Huyo huyo staa anayevaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Kila kinyozi, kila duka, ndio huo huo. Hajabadilisha hata neno. Nyundo ni yako! Ulipokohoa katikati, kikohozi wamekiacha!

Halafu wa kwetu umeondolewa. Ujumbe unasema, "Umekiuka hakimiliki." Mimi! Yaani mwizi kaingia, kalala kitandani kwangu, halafu ananiuliza natafuta nini chumbani.

Nimeenda ofisi ya hakimiliki. Karani hakuinua hata macho. "Ulisajili?" Sikusajili. "Nani alikuwepo ukiutunga?" Nikasema baba yangu. "Mlete."

Njoo, baba.

Binti yako

29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo upo tu. Kazi zimebana, tuko ghorofa ya sita. Hiyo habari achana nayo, mwanangu, wale ni watu wakubwa. Kwani hawajakupigia simu? Kula vizuri.

Baba yako

6 Aprili

Shikamoo baba,

Huumwi kweli? Maana baba ninayemjua angeshashuka na spana mkononi.

Ndiyo, walinipigia. Meneja wake, sauti laini kama anauza sabuni: "Njoo studio, tunataka kukusikia." Nikamwambia, "Bosi wako akitaka kunisikia afungue dirisha, nitapiga kelele huku huku!" Nikamkatia. Nilifurahi siku nzima.

Lakini wewe ulijuaje?

Binti yako

11 Mei

Binti yangu,

Natumai u mzima. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza nikaichana.

Watu wa Miwani walikuja hapa mjengoni kabla wimbo wao haujatoka. Viatu vyeupe kwenye tope. Wakauliza, mzee, wimbo ni wako? Kichwa kikanivimba, nikasema wangu. Wakatoa karatasi ya kuwauzia wimbo. Nikawaambia sitaki kitu, ila nina binti, muziki kajifunza mwenyewe kwenye simu, hana wa kumshika mkono. Mwingizeni studio. Wakasema, "Hiyo tu, mzee?" Nikasaini.

Ile simu uliyoikata ndiyo niliyokuombea.

Baba yako

14 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Karani kanionyesha karatasi yao. Studio haimo. Mimi simo. Imeandikwa mtunzi pekee ni wewe. Mtunzi! Ubeti wa pili nilikuandikia kwa chaki kwenye geti ulilokuwa unachomelea, na bado ulikosea!

Nimekukasirikia, baba. Sana. Miwani kazi yake ni kuchukua vya watu, hajanishangaza. Wewe umeninunulia zawadi kwa kitu changu mwenyewe, bila hata kuniuliza!

Nimefungua kesi, inasikilizwa pale ofisi ya hakimiliki Alhamisi, tarehe 23, saa tatu asubuhi. Karani anasema njia ni moja: aliyesaini asimame mbele ya Miwani na watu wake, aseme aliuza kisicho chake. Watakucheka. Wakili wao atakuita mwongo, na siku ile ulidanganya kweli. Sikulazimishi. Ila usipokuja, usiniandikie tena.

Binti yako

18 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Hali yangu nakwambia bila kuulizwa: usingizi sina.

Msimamizi kaninyima ruhusa, akasema nikiondoka nisirudi. Nimemrudishia kofia yake ya kazi. Kesho napanda basi, huenda nikaitangulia barua hii.

Nitasema niliuza kisicho changu. Nitalisema kwa sauti, hata aliyekaa nyuma asikie. Wakicheka, wacheke. Wakili akiniita mwongo, wewe usinitetee. Kaa kimya, subiri zamu yako, uwaeleze wimbo ulivyoutunga.

Na ukiniona pale mlangoni, nipite tu. Shikamoo yako nitaipokea tukitoka, kama bado utakuwa nayo.

Baba yako