Nilivyoijaza Fomu ya Nasra

Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Bendera za sherehe za Mapinduzi bado zinaning'inia mtaani, joto limenigandisha kanga mgongoni, na nina hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nianze kufundisha.

Naandika haraka kabla mume wangu hajarudi. Akirudi ataniuliza nina nini, nami nitalia, na leo sitaki kulia mbele ya mtu.

Rukia amenisaliti.

Haya, nimeshaliandika. Rukia, shoga yangu, niliyelala naye chumba kimoja chuo cha ualimu, niliyegawana naye hata kipande cha sabuni. Sasa ndiye Mwalimu Mkuu wetu. Siku alipopewa cheo nilimpikia biriani mimi kwa mikono yangu, nikamwambia skuli sasa imepata mama.

Nianze mwanzo, nisije nikajidanganya mwenyewe.

Tangu ada iondolewe skuli yetu imefurika, na mimi nilifurahi, sikatai. Nilipokuwa mwanafunzi hapo hapo, watoto wa maskini wa Jang'ombe walikuwa wakipita nje ya ukuta huu wakituchungulia tu. Leo wamo ndani. Dawati moja utamkuta mtoto wa mchukuzi wa bandarini, mtoto wa sonara wa Kihindi na mtoto wa muuza mbatata, wanasukumana viwiko kama ndugu. Wengine wako chini kwenye mkeka, daftari magotini. Lakini kadiri watoto wanavyoingia ndivyo walimu wanavyotoka. Mwalimu wetu wa hesabu, Mgoa mmoja mpole, aliaga likizo moja kuwa anakwenda kumtazama dada yake Mombasa, na mpaka leo anamtazama. Mwalimu wa jiografia alichukuliwa akapewa meza ofisi ya serikali. Kwa hiyo mimi niliyesomea Kiswahili na ushoni ndiye ninayefundisha hesabu darasa la mwisho. Kila alfajiri nakaa na kitabu nijifunze kile nitakachokwenda kukifundisha saa mbili.

Ndiyo maana Rukia aliponiletea zile fomu niliona faraja imefika.

Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Fomu moja kwa kila mtoto wa darasa langu: jina, jina la baba, mtaa, kabila. Nikamwuliza kabila la nini. "Wizarani wanataka kujua tuna watoto gani, watupangie walimu na madawati," akaniambia. "Wewe jaza vizuri tu, shoga." Kisha akachomoa moja akaitia mkobani mwake. "Ya Latifa n'taijaza mwenyewe, usijisumbue." Latifa ni binti yake, yumo darasani mwangu. Mimi nikaona ananipunguzia kazi. Nikamwambia ahsante!

Wengi walinitajia kabila wenyewe, na wengine walinichekesha. Zamani kila mtu mjini hapa alikuwa na babu aliyetoka Arabuni. Siku hizi mababu hao wote wamekufa kwa mpigo mmoja, na wajukuu wao wamekuwa Washirazi, wenyeji wa visiwa tangu na tangu. Ningekuwa na akili ningejiuliza wenzangu wamesikia nini ambacho mimi sijakisikia. Sikujiuliza. Nilikuwa nawaza mwalimu wa hesabu atakayeletwa.

Nikafika kwa Nasra.

Nasra ni wa kwanza darasani, na si wa kwanza wa kubahatisha. Humaliza hesabu kabla sijaweka chini chaki, halafu hunitazama kwa huruma kidogo, maana anajua ninavyohangaika. Mara mbili amenisahihisha, na mara zote mbili alikuja mezani kwangu akanong'ona ili wenzake wasisikie. Nilipomwuliza kabila lake alisema hajui, bibi yake ndiye anayejua. Basi jioni nikaenda Kiponda kwa huyo bibi, Bi Zuwena, anayemlea peke yake kwa kushona kofia.

Nikamwamkia, akanitilia kahawa. Nilipouliza akanyoosha mgongo.

"Andika Mwarabu. Wa Maskati. Usiandike nusu nusu, mwanangu."

Sasa, mtaa mzima unajua kuwa mama yake Bi Zuwena alikuwa mpishi katika nyumba ya Mmaskati mmoja. Bi Zuwena alizaliwa na kukulia humo. Wenye nyumba walipoondoka, yeye alibaki na buli lao la kahawa, namna yao ya kuzungumza, na ukoo wao. Baba yake alikuwa seremala wa Nungwi. Mtaa unajua na mtaa unanyamaza, kwa sababu haimgharimu mtu kitu. Na mimi nilijua. Lakini nani atamkanusha mtu mzima nyumbani kwake, kikombe chake kiko mkononi? Sikulelewa hivyo. Nikaandika Mwarabu kwa mwandiko wangu mzuri, na hilo la Maskati nikaliongeza pembeni ili apate raha. Akaniombea dua ndefu. Nilirudi nyumbani nikijiona mtoto mwenye adabu zake.

Leo asubuhi orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari imebandikwa mlangoni mwa ofisi.

Latifa yumo, Latifa ambaye hesabu za kugawanya humtoa machozi. Nasra hayumo. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, nikifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nasra alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakulia. Aliniuliza kama labda kuna karatasi ya pili ambayo haijabandikwa.

Nikaingia kwa Rukia bila kubisha hodi. Akainuka akafunga mlango, na hapo nikajua kuwa alikuwa ananingojea. Akanieleza kwa sauti ya ofisi. Nafasi zimegawiwa kwa makabila, kila watu na fungu lao, na fungu la Waarabu ni dogo, limejaa watoto wa skuli nyingine. Alama hazikutazamwa peke yake. Nikamwuliza kama alilijua hili siku ile alipoleta fomu.

"N'lijua," akasema. "N'ngekwambia, ungemwambia kila mtu. Na mie n'ngepelekwa wapi?"

Nikamwuliza Latifa kamwandika nini. Mumewe Rukia, kama kuna Mwarabu mmoja aliyebaki mji huu, ni yeye. Bado wanaandikiana barua na watu wa kwao. Rukia akaanza kupanga kalamu mezani, moja moja.

Hilo ndilo linaloniuma. Kuogopa tunaogopa sote, na hata daftari hili nalificha ndani ya pipa la mchele. Lakini yeye alijua moto uko wapi, akamtoa mwanawe, akaniacha mimi nipite nyumba kwa nyumba nikiwasukuma watoto wa watu ndani kwa kalamu yangu. Tena nikamshukuru.

Akanipa fomu nyingine tupu, naona ili nimwondokee tu. Marekebisho yanapokewa mpaka kesho adhuhuri, akasema. Mlezi aweke dole gumba, Mwalimu Mkuu atie sahihi. Niliinyakua nikatoka.

Kiponda si mbali, lakini leo nilitamani iwe mbali zaidi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia bibi wa watu kuwa ukoo wake umemfungia mjukuu wake mlango. Nilipofika nikayasahau yote, nikamweleza ovyo ovyo. Alisikiliza, sindano ikiwa imesimama kwenye kofia. Nilidhani atanifukuza.

"Siku ile uliponiandika," akasema taratibu, "hukujua mie mtoto wa nani?"

Nikasema nilijua.

"Basi mbona hukunambia, mwanangu? Mie maneno haya nnayasema kila siku hapa barazani, na hayajamdhuru mtu. Kalamu ulikuwa nayo wewe."

Nilitazama mkeka. Miaka yote hii nafundisha, na sijapata kusimamishwa mbele ya darasa namna ile.

Akaweka kofia chini. Akaniambia niandike kuwa yeye ni Mswahili, baba yake wa Nungwi, mama yake mpishi. Akanitajia jina la mama yake, Mwanakombo, na akaniambia niliandike nalo, kwa sababu halijapata kuandikwa popote. Fomu haina nafasi ya jina la mama wa bibi. Nikalibana juu kabisa, karibu na ukingo. Kisha akabonyeza dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, mpaka meza ikalia. Nasra alikuwa mlangoni, ameshatoka skuli. Bibi yake hakumtazama.

Nikarudi skuli mbio. Rukia aliisoma fomu, akairudisha upande wangu wa meza kwa ncha ya kidole. Akitia sahihi hapa, akasema, watauliza kwa nini imebadilishwa, wataleta mtu, na huyo mtu atazikagua fomu zote za darasa. Zote. Akaomba nimwachie aifikirie mpaka kesho. Sikumwachia. Iko hapa, ndani ya daftari hili, na wino wa dole umeshakauka.

Nimekaa nikimfikiria yeye na hofu yake, na nikiri, kidogo nilimwonea imani na huruma. Halafu nikamfikiria Nasra akiuliza habari za karatasi ya pili, na imani ikaniisha.

Kuna neno moja linaloweza kumfanya Rukia atie sahihi. Nikimwambia kuwa asipotia nitakwenda mwenyewe wizarani kueleza fomu ya Latifa imejazwaje, atatia. Namjua. Lakini nikishalisema, sitaweza kulirudisha, na kama Rukia atashikilia ukaidi wake itanibidi nilitimize. Latifa hakujaza fomu yoyote. Leo asubuhi pale mlangoni, wenzake walipokuwa wakirukaruka, yeye ndiye aliyemshika Nasra mkono akakaa naye chini ukumbini mpaka kengele ikalia. Jina lake liko kwenye orodha na hakulifurahia hata dakika moja.

Kesho asubuhi nitaingia tena ofisini. Nitamwomba Rukia kama shoga. Akikataa, nitamwomba kama mwalimu anayemwomba mwalimu mwenzake, kwa ajili ya mtoto aliyefaulu. Akikataa tena, litakuwa limebaki lile neno moja, na ndani yake mna mtoto mwingine.

Nilikuwa nimejiapia, nilipofungua daftari, kuwa sitalisema.

Lakini hivi punde, nilipoinuka kupepeta mchele wa usiku, nilijisikia nalitamka kwa sauti, neno kwa neno, kama anayejifunza somo la kesho. Na sikuona haya.